Baba ameonja duriani, sasa anataka kurudi kwao Unguja

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa kati, na binti pekee, katika familia ya watoto watatu tuliozaliwa na kukulia Majengo, hapa Moshi mjini. Baba yetu ni fundi cherehani ambaye sasa amepunguza kazi kwa sababu ya umri, na Mama ni mzaliwa wa Uru aliyesilimu alipoolewa naye katikati ya miaka ya sabini. Watu wengi wa mtaani wanamchukulia Baba kuwa mtu wa Moshi tu, kwa sababu anakifahamu Kichaga cha kutosha kupatana bei sokoni, anapenda mtori, na hakuna aliyewahi kumsikia akijinasibu na pwani.

Ukweli ni kwamba Baba alizaliwa Unguja, sehemu za Mwera, na aliondoka huko mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, akiwa mtoto wa miaka kumi, pamoja na mama yake na dada yake mdogo. Walivuka kwa jahazi hadi Tanga, kisha wakapanda gari moshi hadi hapa, ambako mjomba wa Bibi alikuwa na duka. Babu hakuja nao, na hatujawahi kuelezwa kwa nini. Bibi alifariki tukiwa wadogo, na shangazi yetu aliolewa Mombasa akafia huko. Kuhusu Unguja tulijua hayo tu. Kila tulipouliza zaidi, Baba alijibu kwamba mambo ya zamani hayajazi tumbo, nasi tukajifunza kunyamaza.

Mwezi Januari mwaka huu mdogo wangu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, alivuka kwenda Unguja kikazi, na alipokuja nyumbani likizo alimletea Baba duriani moja. Alikuwa ameifunga kwa mifuko na gunia, na bado kondakta wa basi alimlazimisha kuiweka kwenye buti. Mama alipoisikia harufu yake alisema nyumba imegeuka choo, akachukua kanga akaenda kwa jirani. Baba aliipasua mwenyewe uani, bila kuelekezwa na mtu, akijua kabisa mahali pa kupitisha kisu kati ya miiba, akala kipande cha kwanza, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaanza kuzungumza, na hakunyamaza mpaka ilipoadhiniwa Isha. Alitueleza kuhusu mduriani uliokuwa nyuma ya nyumba yao, jinsi watoto walivyokatazwa kupita chini yake wakati wa msimu kwa kuogopa kuangukiwa, na jinsi walivyokuwa wakiamka alfajiri, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, ili waokote zilizoanguka usiku. Aliwataja kwa majina watoto wa jirani ambao hatukuwahi kuwasikia. Alitueleza pia kuhusu usiku wao wa mwisho, lakini hayo sitayaandika hapa.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haijatulia. Baba alizipanda kokwa katika makopo ya rangi, zikachipua vizuri, na baridi ya Juni na Julai ikaua miche yote, naye akalichukulia jambo hilo kama msiba. Kila anayesafiri kwenda Dar anaagizwa duriani, ingawa Baba ana presha na sukari na anachoma insulini. Siku hizi anaposema "kwetu" hamaanishi Moshi. Mwezi uliopita alitamka mbele ya Mama kwamba anataka kwenda kuuona ule mti, na kwamba akifa angependa azikwe huko.

Mama ameumia kuliko nilivyotarajia. Ananiambia kwamba amekaa na mtu karibu miaka hamsini, amemzalia na kumuuguza, kumbe muda wote huo mwenzake alikuwa mgeni anayesubiri boti. Sasa anampikia, anamwekea chakula mezani, kisha anaondoka. Kaka yangu mkubwa naye amepata katika sanduku la marehemu Bibi karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, anaamini kwamba ni hati ya shamba, na anataka safari ifanyike upesi, naye awemo, ili Baba akamwoneshe mipaka. Mdogo wangu, yule yule aliyeleta duriani, anapinga kila kitu: anasema safari itamuua Baba, na kwamba ya mwaka 1964 hayafai kufukuliwa.

Shangazi, nimebaki katikati. Je, nimpeleke Baba? Je, mti wa namna hiyo unaweza kuwa bado upo? Mama nimsaidieje? Na je, tunda moja linaweza kweli kumbadilisha mtu mzima namna hii, au hizi ni dalili za uzee zinazohitaji daktari?

Binti wa Majengo, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko mengine.

Tunda linaweza, na hasa tunda lenye harufu kali. Tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza sehemu iliyo katikati ya ubongo ambayo huyapanga na kuyagawa, lakini neva za harufu hufika karibu moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Watafiti waliowachunguza wazee wameona kwamba picha na maneno huwarudisha zaidi katika ujana wao, takriban kati ya umri wa miaka 10 na 30, ilhali harufu huwarudisha katika miaka 10 ya mwanzo ya maisha. Sasa tazama hali ya baba yako: yote aliyo nayo ya Unguja yamo ndani ya miaka hiyo kumi. Tena duriani haipatikani katika masoko yenu ya Mbuyuni na Kiboriloni, kwa hiyo harufu yake haijawahi kuchanganyika na jambo lolote la Moshi. Kama mdogo wako angemletea embe, hata embe tamu kuliko yote, pengine Baba angeshukuru akanawa mikono, kwa kuwa embe ameila hapa maisha yake yote na imekwisha kujaa kumbukumbu nyingine.

Kwa hiyo sioni ugonjwa katika uliyoniandikia. Mzee anayetaja majina ya wenzake wa utotoni kwa ufasaha, anayejua kwamba yuko Moshi na kwamba anataka kusafiri, ana kumbukumbu na wala hajaipoteza. Ungeniambia kwamba anakuita kwa jina la dada yake aliyefia Mombasa, au anatoka jioni kuitafuta njia ya chuoni, au hakumbuki kama amechoma insulini, ningekuambia umpeleke hospitali wiki hii hii. Hilo la insulini liangalieni hata hivyo, maana kwa umri wake ni vyema mtu mwingine awe anahesabu pamoja naye.

Kuhusu miche iliyokufa, tafadhali mweleze Baba waziwazi kwamba kosa si la mkono wake. Asili ya mduriani ni misitu ya Borneo, Sumatra na rasi ya Malaya, ambako joto halipungui na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ndiyo maana uliweza kuzoea Unguja na Pemba. Moshi mjini iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kubwa ni ya kati ya Machi na Mei, na usiku wa Julai huko kwenu hata sisi wenye mablanketi tunaujua. Kwamba zile kokwa zilichipua ni ushahidi kuwa alizipanda zikiwa mbichi na kwa utaratibu, kwa sababu kokwa ya duriani ikikauka hufa. Hata katika ardhi inayoupenda, mduriani uliotokana na kokwa huchukua miaka saba, kumi au zaidi kabla ya kuzaa. Nakushauri usimletee kokwa nyingine za kupanda. Mwache ale, lakini asihesabu tena miche inayokufa.

Kula kwenyewe kuna masharti. Gramu 100 za nyama ya duriani, yaani vipande viwili au vitatu, zina takriban gramu 27 za wanga na kalori 147, kiasi kinachozidi cha matunda mengi anayokula kila siku, na zina zaidi ya miligramu 400 za potasiamu. Mwenye sukari na presha kwa muda mrefu huenda figo zake zimeguswa, na baadhi ya dawa za presha zenyewe hupandisha potasiamu mwilini, kwa hiyo kabla ya msimu ujao mwulizeni daktari wake mambo mawili: figo ziko katika hali gani, na dawa anazotumia ni za kundi lipi. Akiruhusiwa, basi ni kipande kimoja au viwili vinavyochukua nafasi ya wanga mwingine wa mlo huo, na kipimo cha sukari kiwe karibu. Mdogo wako akivuka tena asibebe duriani nzima na kugombana na makondakta. Aipasulishe sokoni Darajani, mjini Unguja, nyama itiwe kwenye vyombo vya plastiki vyenye mifuniko inayobana, igandishwe, isafirishwe ndani ya kisanduku cha barafu. Ladha hupungua kidogo lakini harufu hubaki. Iliwe uani, madirisha yakiwa yamefungwa, mbali na kanga za mama yako. Mimi mwenyewe, nikiri, katika suala la harufu niko upande wake.

Tuje kwenye mti. Ndiyo, unaweza kuwa bado upo. Mduriani huishi miongo mingi, na ipo iliyovuka miaka 100, kwa hiyo uliokuwa ukizaa mwaka 1964 si lazima uwe umekufa kwa uzee. Kinachoua miti ni watu, na Mwera ya leo si ya wakati ule: mji wa Unguja umetanuka sana, na penye mashamba pamejengwa nyumba. Usimwahidi Baba mti. Kabla ya kukata tiketi yoyote, kaa naye umwulize kwa upole: tukifika tukakuta pana ukuta wa nyumba ya mtu mahali pa mduriani, bado utafurahi kwamba tulikwenda? Akijibu ndiyo, mpeleke. Akikaa kimya, usimsukume. Mpe wiki kadhaa kisha umwulize tena. Mimi nadhani atajibu ndiyo, kwa sababu mtu aliyebeba majina ya watoto wa jirani kwa miaka sitini hana haja ya mti peke yake.

Sasa nimfikie kaka yako mkubwa, na hapa nitazungumza kwa ukali kidogo, naye anisamehe.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na mashamba yaliyotaifishwa yakagawiwa kwa wananchi kwa mpango wa eka tatu tatu. Aliyepewa eka tatu katika miaka ile huenda amekwisha kufariki, na anayeishi hapo leo yawezekana ni mjukuu wake, mtu ambaye hakumfukuza yeyote, aliyeokota duriani chini ya mti huo huo akiwa mtoto kabla ya kwenda chuoni. Kaka yako akifika hapo na karatasi yenye herufi za Kiarabu mfukoni, hata kama hataitoa, wenyeji wataijua nia yake kabla hajamaliza kusalimia. Wamekwisha kuwaona wengi wa namna yake. Mlango utafungwa, na atakayefungiwa ni Baba.

Simwambii kwamba hana haki ya kuuliza. Akitaka kujua karatasi ile inasema nini, aipeleke kwanza kwa mtu anayesoma hati hizo, maana inaweza kuwa hati ya shamba na inaweza pia kuwa ya ndoa au ya deni la karafuu. Kisha amtafute wakili aliyeko Zanzibar, kwa sababu ardhi si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mahakama yake ya ardhi, na baraza la ardhi la huko Moshi halina la kumsaidia. Wakili atamweleza gharama na uzito wa jambo lenyewe, nami sidhani kwamba atarudi na matumaini makubwa. Lakini afanye hivyo peke yake, kwa fedha yake, wakati mwingine. Katika safari ya Baba asiwemo.

Nisilotaka ulisahau ni hili, maana ndilo ninaloliona kuwa njia yenu. Unguja na Pemba kuna desturi ya zamani ambayo sisi wa bara huwa hatuielewi upesi: mti na ardhi uliposimama vinaweza kuwa mali mbili tofauti, za watu wawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na minazi katika kiwanja cha mwenzake. Mikarafuu hukodishwa kwa msimu, mkodishaji akabaki na shamba lake na mkodi akachuma karafuu. Kwa hiyo mzee akienda kwa mwenye eneo na kumwomba auziwe mazao ya mduriani mmoja kwa msimu mmoja, yule mwenyeji hatamwona kuwa ni mtu wa ajabu wala mdai. Ataona biashara anayoielewa, yenye bei, yenye mwanzo na mwisho. Duriani zikianguka zitakuwa za baba yako kihalali. Atakula chache anazoruhusiwa, nyingine atawagawia watoto watakaokuwa wamezikodolea macho, na zinazobaki mtazigandisha. Na kama mti wa kwao haupo tena, upo mwingine jirani unaoweza kukodiwa kwa namna hiyo hiyo.

Ombi hilo lazima lipite njia yake. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala huko Zanzibar, ina sheha anayeiongoza, na hufai kutokea Mwera na gari la kukodi na simu mkononi mkipiga picha miti ya watu. Mdogo wako, kwa kuwa anavuka kikazi, atangulie kumwona sheha, aeleze kwamba yupo mzee aliyezaliwa hapo na kuondoka akiwa mtoto, kwamba anatamani kupaona na kula duriani, na kwamba hana dai lolote la ardhi. Maneno ya mwisho lazima yawe ya kweli siku yatakapotamkwa, ndiyo maana nataka ninyi watatu mkubaliane na Baba kabla ya mtu yeyote kuvuka. Labda kazi hii itamtuliza pia huyo mdogo wako, ambaye nahisi anaogopa zaidi alichokianzisha kuliko safari yenyewe.

Ana hoja moja lakini, nayo niiheshimu. Ya mwaka 1964 yana wenyewe kila upande. Familia yenu ina usiku wa mwisho ambao hukutaka kuuandika, na familia itakayowapokea huenda ina simulizi zake za miaka iliyotangulia, walipokuwa wakilima mashamba yasiyokuwa yao. Baba akitaka kusimulia, asimulie. Mwenyeji akisimulia yake, msikilizeni msibishane naye. Ninyi watoto msiulize maswali ya kihistoria kwenye baraza ya mtu mliyekutana naye asubuhi. Kuhusu babu ambaye hakuja Moshi, mwacheni Baba aamue mwenyewe kama atauliza au hatauliza. Huenda ndilo jambo lililomfunga mdomo miaka yote, na huenda pia amekwisha kulijua jibu.

Safari yenyewe haitamuua akitayarishwa. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na mzee mwenye presha hapaswi kuzikaa mfululizo kisha akimbizwe bandarini siku hiyo hiyo. Alale Dar kwa mdogo wako, avuke kesho yake asubuhi kwa boti, ambayo huchukua kama saa mbili. Achukue kadi ya kliniki na dawa za kuzidi siku za safari. Insulini iwekwe kwenye chombo chake yenyewe, isichanganywe kamwe na duriani zilizogandishwa, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Na msiende kwa tarehe mliyoipenda ninyi: msimu wa duriani haufuati likizo za watu, kwa hiyo pigeni simu kwanza kwa yule sheha au kwa wauzaji wa Darajani, muulize kama zimeanza kuanguka.

Suala la kuzikwa nalitenga na safari, wala usikubali yachanganywe. Katika Uislamu maiti huharakishwa, na masheikh wengi hawapendezwi na kumsafirisha kutoka mji hadi mji. Baba analijua hilo kuliko mimi. Mwombe akalizungumze na sheikh wa msikiti wake, kisha atamke mbele ya mama yako na ninyi wote anachokitaka hasa, akiwa ametulia, bila harufu ya duriani puani. Wazee husema mengi siku walizokumbuka mengi, na sitashangaa akisema kwamba kaburi la Moshi linamtosha, mradi aende mara moja akiwa hai.

Nimemweka mama yako mwisho, ingawa kwa mpangilio wa kazi yeye ndiye wa kwanza. Ninyi nyote mnamzungumzia Baba kama mtu pekee aliyepoteza kwao katika nyumba hiyo. Uru iko karibu kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mama yako aliiacha, lakini aliiacha. Alibadili dini, akakubali kuishi mjini kwenye nyumba isiyo na mgomba, akakubali kwamba hatalazwa migombani kama mama zake, na yote hayo aliyafanya kwa ajili ya mtu aliyemwambia kwamba mambo ya zamani hayajazi tumbo. Aliamini kwamba wote wawili wameacha, wakaanza upya pamoja Majengo. Leo anasikia kwamba mwenzake hakuwa ameacha. Hakuna anayemwuliza yeye anakumbuka nini cha Uru, wala angependa alazwe wapi.

Wewe huwezi kulimaliza jambo hilo kwa niaba ya baba yako, hata ukiwa na maneno mazuri namna gani. Anayepaswa kwenda ni yeye, na kwa kuwa ameoa kwa Wachaga, anaijua njia: achukue isale, lile jani ambalo Wachaga huliombea radhi, amkabidhi mke wake, aombe radhi kwa neno "kwetu" alilolitamka bila kumhesabu. Kwa watu wa Uru isale haikataliwi kirahisi, wala haihitaji hotuba ndefu. Si ibada, ni adabu ya ukweni, na sioni sheikh atakayemlaumu kwa hilo. Baada ya hapo, amwombe waende wote Unguja. Huenda akakataa, na akikataa msimsihi kupita kiasi, lakini aombwe na mume wake, si na wewe, na aombwe kabla tiketi hazijanunuliwa. Akikubali, mkatieni kiti cha dirishani kwenye boti, na mwambieni mapema kwamba atakapofika chini ya mduriani anaruhusiwa kufunika pua.

Wiki hii fanya mawili tu. Zungumza na Baba kuhusu isale, na umwandikie mdogo wako kuhusu sheha. Kaka yako mkubwa atakasirika, na kazi ya kumtuliza muachie Baba, kwa kuwa shamba analolitaka lilikuwa la babu yenu, na Baba ndiye mwenye haki ya kusema kwamba halidai.

Shangazi